Kule Leo Baridi Kiasi Gani?

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuta kiti kama unacho. Kama uko kazini na mikono imeshika kazi, endelea nayo. Huyu ninayewaletea leo asingependa mtu aache kazi kwa ajili yake. Ongeza sauti tu.

Leo tunamkumbuka mpiga pasi. Mpiga pasi wa duka la dobi, lile lenye mlango wa bluu, linalopakana na karakana ya mageti. Jina la kwenye pasipoti alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Watoto wa kaka yake walimwita Shangazi. Mtaa ukafuata watoto. Wateja wakafuata mtaa. Hata mimi nilimwita Shangazi, na kwa umri tulikuwa tunakaribiana kabisa, ila yeye alikuwa hakubali kwamba tunakaribiana.

Alikuwa mpiga pasi. Alikuwa mkimbiaji. Na leo, Jumapili hii ya leo, alitakiwa awe ng'ambo, kwenye moja ya marathoni kubwa kabisa, amesimama mstarini na namba kifuani. Hayupo. Tulimzika mwezi uliopita.

Kabla sijaendelea, niwajibu swali lenu. Mmeniuliza karibu mwaka mzima. Kwenye kipindi cha asubuhi nilianza kuwapa hali ya hewa ya mji mmoja wa mbali. Hapa jua, milimani mvua, halafu mwishoni: "Na kule leo baridi." Mkapiga simu. Mmoja akasema, "Mtangazaji, sisi tunaungua, wewe unatusomea baridi ya watu!" Mwingine akadhani nina mchumba huko. Mke wangu naye akataka kujua. Wasikilizaji wapendwa, sikuwa na mchumba. Nilikuwa na Shangazi.

Alikuwa anapiga simu studio kabla hajafungua duka. Salamu hana.

"Kaka mtangazaji, kule leo baridi kiasi gani?"

"Shangazi, hata hujambo?"

"Sijambo utaisikia jioni. Niambie baridi."

Ule mji una jina, na ni jina kubwa. Nyumbani kwao walikuwa hawalitaji. Waliuita Kule. Mbio za Kule. Baridi ya Kule. Ukiingia ukasikia watoto wanasema "Shangazi akifika Kule," hukuwa na haja ya kuuliza ni wapi.

Sasa Kule iliingiaje kwenye duka la dobi? Iliingia mfukoni. Mpiga pasi mzuri hagusi koti kabla hajapekua mifuko, maana huko ndiko kunakokaa kalamu zinazovuja. Siku moja akapekua koti la mteja, akatoa medali. Kubwa, nzito, ina utepe. Alinisimulia mwenyewe kwamba alikaa nayo mchana kutwa kwenye mfuko wa aproni. Mara moja tu, duka likiwa halina mtu, akaivaa na kujiangalia kwenye kioo cha wateja. Akaivua haraka kama mwizi.

Mwenye koti aliporudi, Shangazi akampa medali yake na kumwuliza ilikotoka. Yule bwana akamwambia habari za marathoni ya Kule. Akamwambia kwamba watu hujaa pande zote mbili za barabara, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akamwambia kwamba wakimbiaji huandika majina yao kifuani. Na wale watu, ambao hawakujui, hawajui ulikotoka, wakisoma jina lako wanakuita. Wanakuita kwa sauti kubwa mpaka unapita.

"Wanakuita kwa ajili ya nini?" Shangazi akauliza.

"Ili usichoke."

Wifi yake, mke wa kaka yake, ananiambia siku hiyo Shangazi alirudi nyumbani ameduwaa. "Nilimpakulia chakula, akawa anakiangalia tu," anasema. "Nikamwuliza, wifi, unaumwa? Akaniambia, wifi yangu, mimi nimepiga pasi makoti ya watu wanaosafiri mpaka nimezeeka. Sijawahi kuvuka hata mpaka. Na hakuna mtu asiyenijua aliyewahi kuniita jina langu, isipokuwa anataka nguo zake."

Ndipo mbio zilipoanza. Alikuwa ameshapita miaka arobaini. Alisimama kutwa kwenye meza ya pasi, jioni anakimbia. Nilimwuliza hiyo miguu haichoki? Akanijibu, "Miguu inayosimama kutwa inataka kwenda mahali."

Mtaa ulicheka. Tuseme ukweli, mtaa ulicheka. Na aliyecheka kuliko wote ni jirani yake wa kazi, fundi mageti. Kila jioni Shangazi akipita na viatu vyake, fundi anainua ile miwani yake ya kuchomelea na kuuliza swali lilelile.

"Shangazi! Nani anakufukuza?"

Naye bila kupunguza mwendo, "Wewe na harufu yako ya chuma!"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Miaka yote.

Lakini tatizo lake halikuwa fundi. Tatizo lilikuwa baridi. Mtu anayeishi na pasi huwa haijui baridi. Alisoma kwamba Kule asubuhi ya mbio watu husubiri nje muda mrefu, wakitetemeka, kabla hawajaruhusiwa kuondoka. Akaogopa. Akasema, "Nitaganda kabla sijaitwa hata na mtu mmoja."

Wifi yake huyo anauza nyama. Buchani kwake kuna chumba cha baridi. Unaona tunakokwenda? Siku hizo, kabla ya mazoezi, Shangazi aliingia mle ndani na bukta yake, akasimama katikati ya mapaja ya ng'ombe yanayoning'inia, akawa anarukaruka. Mteja mmoja alikuja kuchagua nyama yake mwenyewe, mlango ukafunguliwa, akakuta mama mzima anakimbia papo hapo, pumzi inatoa moshi. Yule mteja aliondoka bila nyama. Mpaka leo ananunua samaki.

"Nilimwambia," anasema wifi yake, "wifi, ukinigandia humu ndani, mimi nitakuuza kwa kilo. Akaniambia, usisahau kuwaambia wateja kwamba ni nyama ngumu."

Anacheka akisimulia. Halafu anaacha kucheka. Anasema siku hizi akifungua kile chumba asubuhi anaangalia kwanza kule nyuma, kwenye pembe aliyokuwa akisimama. Anajua hayupo. Anaangalia tu.

Wasikilizaji wapendwa, kukimbia Kule si kuamka na kwenda. Wanaotaka ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo huchezeshwa bahati nasibu. Shangazi aliomba, akakosa. Akaomba tena, akakosa. Kaka yake ni mtu wa maneno machache, fundi wa saa. Anasema, "Kila mwaka dada yangu akikosa, alifua viatu vyake na kuvianika. Nikiviona juu ya ukuta najua jibu limekuja, na najua ni lipi."

Mwaka huu viatu havikuanikwa. Alipata.

Akaenda kuomba viza. Ofisa akamwangalia juu mpaka chini. Mwanamke, hajawahi kusafiri, anasema anakwenda kukimbia. Akamwuliza, "Nitajuaje kama utarudi?"

Shangazi akamwambia, "Baba, nina nguo za watu dukani. Nisiporudi, nani atawapa?"

Yule ofisa alicheka mpaka wa dirisha la pili akageuka. Viza akapewa. Mimi nimehoji mawaziri kwenye kiti hiki, sijawahi kusikia jibu la ukweli kama hilo.

Sasa ikabaki fulana. Wifi akasema, andika jina lako la kwenye pasipoti. Shangazi akakataa. "Lile jina ni la uwanja wa ndege," akasema. "Mimi naitwa Shangazi." Akakata herufi kwenye kitambaa chekundu, akazibandika kwa pasi yake mwenyewe, moja moja, zimenyooka kama ukosi wa shati la bwana harusi. SHANGAZI. Akaivaa mbele ya watoto wa kaka yake, akawaambia, "Maelfu ya wazungu, wahindi, wachina, wote wataniita Shangazi. Nitakuwa shangazi wa dunia nzima. Na zawadi sitawanunulia, wako wengi mno."

Yeye hakujaaliwa mtoto. Nasema hili kwa sababu kaka yake ameniruhusu niseme. Anasema, "Dada alikuwa na neno hilo moja tu. Mwingine ni mama, ni bibi, ni mke wa mtu. Yeye alikuwa shangazi, na alilivaa kweli."

Kulikuwa na hofu moja zaidi. Aliogopa kulia. Aliniambia, "Kaka mtangazaji, nikiitwa na watu nisiowajua nitalia. Na ukilia pumzi inakata. Nitashindwa kumaliza." Kwa hiyo jioni watoto walisimama getini wakawa wanamwita akipita. Shangazi! Shangazi! Ili azoee. Hakulia hata siku moja.

"Angeliaje?" anasema wifi yake. "Sisi alikuwa anatujua."

Halafu ikaja siku ile. Ilikuwa mchana, dukani. Kichwa kikamuuma ghafla. Akaweka pasi chini, akaichomoa kwenye umeme, akakaa kwenye benchi la wateja. Shati lililokuwa mezani halikuungua hata kidogo. Fundi mageti alimwona kupitia dirishani, ameegemea ukuta vibaya. Gari halikuwepo. Fundi akatoka mbio kwenda kutafuta gari barabara kubwa.

Nilimfuata karakanani kwake wiki hii. Alikuwa na kazi mkononi, akaiacha. Akaniambia hivi, nami narudia kama alivyosema.

"Sijawahi kukimbia vile maisha yangu yote. Watu wakawa wananiangalia. Nikaona midomo yao inataka kucheka. Nikajua wanataka kuniuliza nini. Gari nililipata. Tukamfikisha. Lakini daktari akatuambia mshipa umepasuka kichwani, hakuna la kufanya. Mtangazaji, mimi nilimwuliza lile swali kila jioni ya Mungu. Leo hii nikisikia viatu vinapita nainua miwani. Natamani apite nimwulize. Hata anitukane."

Wanasema kazi ya Mungu haina makosa. Sibishani. Ila inauma.

Kaka yake aliwaandikia wa Kule, akawaomba nafasi ile apewe mtoto wake mkubwa, akimbie kwa niaba ya shangazi yake. Walijibu kwa upole sana. Walitoa pole. Wakasema nafasi ya mtu haihamishwi. Fulana ipo nyumbani, kwenye hanga, imepigwa pasi. Nguo za wateja wifi yake alizigawa zote, mwenyewe, mlango kwa mlango. Alisema Shangazi aliahidi zitarudi.

Kwa kaka mtu, kwa wifi yake, kwa watoto wanaobaki na geti tupu jioni, kwa fundi wetu pale jirani: poleni. Poleni sana. Sisi wa redio hii tuko pamoja nanyi. Mimi binafsi simu ya studio ikilia asubuhi bado naishika nikiwa nimeshaandaa nyuzi za baridi. Nimemkumbuka mno.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkajiulize kitu kimoja jioni ya leo. Katika mtaa wako kuna mtu anayejiandaa kwenda mahali. Pengine umri umempita, pengine unamwona kichekesho. Umemwita jina lake lini, bila ya kutaka kitu kwake?

Wahenga wetu walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Mimi wahenga nawaheshimu, lakini leo tutasumbuana. Kwa sababu hivi ninavyoongea, Kule wanapanga mstari. Nawasomea, kwa mara ya mwisho: Kule leo kuna baridi ya kiasi. Mawingu machache, upepo mdogo, mvua hakuna. Wenyewe wanasema ni hali nzuri sana ya kukimbia.

Kwa hiyo naomba jambo. Wewe unayepika, wewe uliye garini, wewe unayelinda geti la tajiri, wewe uliyelazwa wodini na karedio kako kwenye mto. Ulikuwa humjui. Ndiyo maana nakuomba wewe. Wanaomjua wameshamwita, na hawajapata jibu. Yeye alitaka kuitwa na asiyemjua.

Muziki nimeuzima. Nitafunga mdomo kidogo, na redio itakuwa kimya. Msipige simu kusema imeharibika. Haijaharibika. Tunampisha njia, ili anapopita kila mmoja amwite kutoka pale aliposimama, kwa sauti kubwa, mpaka apite.

Mimi naanza.

Shangazi!