Kipande cha Marehemu

Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Basi lilipotoka hospitali, kijana wa maabara alikuwa akiongea kwa simu, na fundi cherehani aliyekaa kando yake aliposikia "saratani ya figo" alishindwa kujizuia.

"Mnatafuta nini humo, mwanangu?"

"MaikroRNA, mama. Ni vitu vidogo mno ndani ya seli, kazi yake kunyamazisha jeni. Kwenye saratani ya figo baadhi hupungua, basi jeni zilizopaswa kunyamaza zinaachiwa uwanja. Tunachukua uvimbe uliohifadhiwa kwenye nta, tunaukata mwembamba kuliko ganda la kitunguu."

"Uvimbe wa watu wa lini?"

"Hata wa miaka kumi iliyopita."

Fundi akaikaza mikono juu ya mkoba. Mumewe alitolewa figo hospitali ile ile, miaka sita sasa, na karatasi ya ruhusa aliitia sahihi fundi mwenyewe. Alipomzika, alidhani amezika kila kitu.

"Mkikosea kukata?"

"Tunatupa."

"Wee! Mimi hata kitambaa kilichobaki situpi!"

"Mama, ile ni nta na seli. Si mtu. Hata jina haina, ina namba tu."

"Mume wangu alikuwa akipiga mluzi akinyoa ndevu. Hizo namba zinalisema hilo?"

Elimu nayo ina mwisho wake. Basi likasimama, kijana akainuka, na fundi, aliyepitiliza kituo chake kitambo, akamshika mkono wa shati.

"Kesho ukifungua kabati la nta zenu, wasalimie wote. Yeye salamu itamfikia."