Wilibrodi Kasanda, Fundi Aliyegoma Kukata Waya wa Ethi

Tarehe 30 Juni 2026, Mzee Wilibrodi Kasanda, fundi sauti wa ukumbi wetu hapa Sumbawanga, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Nimeombwa niandike kwa lugha laini. Nitajitahidi, ingawa mwenyewe hakuwa mtu laini.

Alikuja mwaka 1991 kutoka Mwazye, na bisibisi moja na ubishi wa kutosha idara nzima. Adui yake alikuwa mvumo. Gitaa moja likiunganishwa na amplifaya mbili, kila moja imechomekwa soketi ya ukuta wake, umeme hupata njia ya kuzunguka kupitia nyaya za ethi na za sauti, na spika huvuma kama mashine ya kusaga. Dawa ya mtaani ni kukata waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, au kuvunja pini yake ndefu kwenye plagi na kufungua soketi kwa kalamu. Mvumo hukoma kweli. Kinga ya mpigaji nayo hukoma.

Mwaka 2009, kwenye jubilei ya kwaya, wageni walijaa kutoka Laela hadi Kasesya, na spika zikavuma. Aliamriwa akate ethi. Akachomoa amplifaya zote mbili, akatoa fyuzi kwenye plagi, akazitia mfukoni, akasema fyuzi zitarudi kazi ikiisha. Kwa dakika arobaini wageni walimtazama akizihamishia amplifaya zote kwenye soketi moja. Mvumo uliobaki aliumaliza kwa kisanduku cha transfoma alichokisuka mwenyewe, kinachopitisha sauti bila kuunganisha ethi za amplifaya hizo. Ukumbi ukatulia, gitaa likasikika safi.

Jumatatu alipewa barua ya onyo kwa kukaidi amri. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba yuko tayari kupokea ya pili. Kisha akaibandika ukutani, juu ya soketi.

Miezi miwili baadaye, mazoezini, fyuzi ya amplifaya ilikatika ghafla. Ndani, waya wa moto, unaoleta umeme, ulikuwa umechubuka na kugusa bodi ya chuma ya amplifaya. Ethi iliubeba umeme ule. Flavian, mpiga gitaa, alikuwa ameshika nyuzi, midomo kwenye maikrofoni. Yu hai, na ndiye atakayepiga kwenye hafla hii ya kumuaga Mzee.

Amri ile niliitoa mimi, Edith, meneja wenu. Barua pia niliiandika mimi. Nilikosea, na kwa miaka kumi na saba nilipita mbele yake nikijifanya siioni. Leo naifuta kwa maandishi. Isibanduliwe. Atakayekuja na koleo kukata ethi ukumbini humu aisome kwanza, kisha aje ofisini kwangu.

Asante, Mzee Wilibrodi. Ukalime ulezi wako Mwazye kwa afya na amani, na ubishi wako tuachie. Tutauhitaji.