Mama Rili na Barua Iliyofungwa Uzi Mwekundu

Leo, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi sanifu wa maabara yetu ya vinasaba atavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja ya utumishi. Hesabu ni yake mwenyewe. Sisi tulitaka kuandika "miaka thelathini na minne" basi, akatutazama kama watu waliobandika lebo bila tarehe.

Jina lake lipo kwenye karatasi za mishahara, lakini hapa hakuna anayelitumia. Tunamwita Mama Rili. Mumewe, shemeji yetu sote, ni fundi cherehani, na kila rili ya uzi inayopotea dukani kwake hupatikana kwenye mfuko wa koti la mkewe. Shemeji alishaacha kulalamika zamani.

Alianza kazi maabara ikiwa chumba kimoja, friza moja na mashine ya kuzungusha damu iliyokuwa ikitetemeka mpaka vioo vya dirisha vinacheza. Mashine ile ilimtangulia kazini, kwa hiyo kila asubuhi aliiamkia shikamoo. Tulicheka sana, hadi siku alipokwenda likizo na mashine ikagoma wiki mbili. Aliporudi na kuisalimia, ikawaka. Kuna maprofesa humu ndani ambao tangu hapo hupita pale wakinong'ona, wakidhani hatuwaoni.

Lebo ndiyo dini yake ya kazini. Kila kichupa cha damu alikiandika ubavuni na kwenye kifuniko, jina, tarehe na saa, na akiisha kuandika alirudi kusoma kwa sauti. Bakuli lake la chakula lina lebo. Kikombe cha chai kina lebo. Mjukuu wake alikuja kumtembelea mara moja, akarudi nyumbani na tarehe na saa ya kuwasili zikiwa zimebandikwa kwenye kiatu.

Kila mfanyakazi mpya amepita mikononi mwake, na somo la kwanza ni lile lile. Anakupa utepe wa mita mbili wenye maneno yaliyoandikwa kwa wino: kula, lala, kua, acha kukua, cheka. Anakwambia urefu huo ndio urefu wa uzi wa vinasaba uliomo ndani ya kila seli yako, kisha anakuamuru uuingize kwenye kisanduku cha kiberiti. Unahangaika, jasho linakutoka, utepe unafumuka kama tumbo baada ya harusi. Ndipo anapotoa rili zake ndogo za cherehani, anazungushia utepe, na kisanduku kinafungika. Seli nayo hufanya hivyo hivyo, isipokuwa rili zake ni za protini.

Halafu anakuuliza neno "cheka" limekwenda wapi. Limo, lakini limezungushiwa ndani, halisomeki. Hivyo ndivyo seli ya ini na seli ya jicho zinavyobeba maandishi yale yale na bado kila moja ikafanya kazi yake: palipolegezwa panasomwa, palipokazwa panakaa kimya. Kukaza na kulegeza huko husimamiwa na alama ndogo za kikemikali, na alama hizo zinaweza kubadilishwa na uzee, moshi wa sigara, njaa ya muda mrefu, na mara nyingine bahati mbaya tu. Alama ikikaa pasipostahili, ugonjwa unaweza kuingia ingawa hakuna herufi hata moja iliyoharibika.

Somo hilo halikutoka kitabuni. Lilianza miaka kumi na minane iliyopita, siku ambayo nusura tumfukuze.

Vilikuja vichupa viwili vya damu, cha mgonjwa wa damu aliyelazwa na cha mtu mwenye afya wa kulinganishia. Majina ya ukoo yalikuwa tofauti, na kisanduku cha "uhusiano" kwenye fomu kiliachwa wazi. Majibu yakatoka sawa, herufi kwa herufi. Maabara ilikuwa na sheria fupi: majibu ya watu wawili yakifanana kabisa, fundi amepima kichupa kimoja mara mbili. Mama Rili akarudia upimaji mara tatu, na kila aliporudia akazidi kujipalia makaa, maana majibu yalikuwa yale yale. Mkuu wa kitengo wakati huo, ambaye tutamrudia, akaamuru majibu yatupwe na akaandika barua ya onyo la mwisho kwa "uzembe wa mkono". Kosa jingine, mlango.

Mama Rili hakulia wala hakugomba. Alizichukua fomu, akaona tarehe ya kuzaliwa ni moja, akaondoka na koti lake hadi wodini. Kitandani alilala mwanamke. Nje, kwenye benchi, aliketi mwanamke yule yule akiwa na mfuko wa nguo za kubadilisha. Walikuwa pacha wa kufanana, na mmoja alikuwa amechukua jina la mumewe. Mama Rili akamshika yule mzima mkono, akampandisha ngazi, akamsimamisha mbele ya meza ya mkuu.

"Daktari," akasema, "kichupa cha pili ndicho hiki. Cha kwanza kimelala wodi namba sita."

Kisha akauliza swali ambalo sisi wenye shahada hatukuwa tumeliuliza: kama maandishi ni yale yale, mbona mmoja anaumwa? Tukaacha kutafuta herufi mbovu, tukaangalia ufungaji. Katika seli za damu za mgonjwa, jeni inayoziambia seli ziache kuongezeka ilikuwa imejaa alama, imekazwa, bubu. Kwa pacha wake ilikuwa wazi. Madaktari wakambadilishia dawa, wakampa ya kupunguza alama hizo. Haikuwa miujiza, ilichukua miezi kumi na minne na hofu nyingi, lakini leo yuko hapa kwenye hafla ya kumuaga Mama Rili, safu ya pili, pamoja na pacha wake. Tafadhali msiwachanganye, tumeshafanya hivyo vya kutosha.

Wengi mnajua kwamba fundi anayestaafu bila kosa hupewa Cheti cha Mkono Safi. Mnajua pia kuwa jina la Mama Rili halikuwamo kwenye orodha ya mwaka huu. Wiki iliyopita mwandishi alifungua faili lake ili aandike wasifu huu, akaikuta ile barua ya onyo. Haikufutwa kamwe. Karani wa masjala alisimulia kwamba Mama Rili alikuja kuiomba miaka ile, akaambiwa karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki. Basi akaikunja, akaizungushia uzi mwekundu wa mumewe, akabandika lebo yenye tarehe na saa: "Ipo. Isisomwe."

Mkuu aliyeiandika ni mimi. Nilimshukuru hadharani mara nyingi, nikapata sifa kwa swali lake, na muda wote huo niliona aibu kuandika mistari miwili ya kukiri kosa. Mama Rili, nisamehe. Jana niliandika barua ya kukiri. Imo kwenye faili, juu ya ile ya zamani, bila uzi, na kila mtu aisome. Cheti chako kiko mezani, mbele ya kiti chako.

Tunakushukuru kwa mkono ambao haukukosea. Pumzika kwa raha, ucheke kila siku, na umrudishie shemeji rili zake. Kalamu tumekuachia. Chini hapa tumeacha nafasi ya lebo. Ukiridhika na tulichoandika, weka tarehe na saa.