Imebaki Moja: Kumbukumbu ya Kelebone na Waya Wake

Wasikilizaji wapendwa, neno lenyewe lilianzia kwenye foleni ya lori la maji. Mama Kelebone alikuwa na ndoo zake mbili, anazisogeza kwa mguu kadiri foleni inavyokwenda, akasikia wanawake nyuma yake wakisema kuna msichana anafunga waya mlimani na kuita radi. Wakasema siku aliyoonekana na huo waya, ng'ombe watatu walipigwa ng'ambo ya mto. Mmoja akauliza, kwa sauti kubwa makusudi, "Na mama yake anajua? Au ndiye anayemtuma?"

Hakugeuka. Alijaza ndoo akaenda zake. Lakini lile neno lilimganda. Alipika nalo, alilala nalo, Jumapili alikwenda nalo kanisani na kurudi nalo.

Leo tunamkumbuka Kelebone Tsolo, binti wa miaka ishirini na sita, fundi wa simu na redio za magari hapa Phuthaditjhaba, kile kibanda cha bluu kando ya stendi ya teksi. Wengi wenu simu zenu zimepita mikononi mwake. Kelebone alikufa kwa radi. Nalisema mapema asiwepo wa kukisia. Alikufa kwa radi, na hakuiita yeye.

Kelebone alikuwa mtu wa redio ya ridhaa. Si redio kama hii yetu, mmoja anasema na wengi wanasikia. Ile ni ya watu wawili kutafutana hewani. Na yeye alipenda ya nguvu ndogo kabisa: kisanduku cha kuingia mfukoni mwa koti, betri, waya mwembamba, na ufito wa kuvulia samaki wa kuusimamishia waya. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya balbu ya friji. Anabeba vitu hivyo begani, anaingia hifadhini, anakaa kwenye majani na kugonga milio, mifupi na mirefu, na mtu wa Durban au Windhoek anamjibu. Wana utaratibu wao. Hifadhi haihesabiwi kuwa imesikika hewani mpaka umejibiwa ukiwa ndani yake na watu kumi. Tisa si kitu. Ni kumi.

Hifadhi ya Lekgalong, hapa juu yetu, ilikuwa haijawahi kuhesabiwa. Kelebone alitaka awe wa kwanza.

Shangazi yake Disebo, mwenye ile pikapu nyeupe, alikuwa akimtania kila mara. Alimuuliza hao watu anaowagongea huko hewani wanaijua hata sura yake. Kelebone akamjibu, "Sura hawaijui, shangazi. Wananijua kwa mkono. Kila mtu anagonga kwa mkono wake."

Na kweli. Mama yake hakujua kusoma ile milio, lakini jina la hewani la mwanawe alilijua. Kelebone alikuwa akiligonga kwa kijiko kwenye sahani kila akingoja chakula, mpaka mama likamwingia kichwani. Alijua vitu viwili tu: jina la mwanawe, na kwaheri yao. Kwaheri yao ni tarakimu mbili, saba na tatu.

Sasa lile neno la foleni. Mama Kelebone alivumilia, mwisho akamwambia. Kelebone alikuwa anakula, akacheka.

"Mama, nguvu hii haiwezi kuita hata kuku. Itaita radi?"

"Mimi sijasema inaita. Nimesema watu wanasema."

"Basi waniletee redio zao zilizokufa. Hizo nitaziita zifufuke."

Mama hakucheka. Alimwomba kitu kimoja. Kelebone alikuwa na kawaida ya kuweka waya wake pale chini hifadhini, penye uwanja wa kuchomea nyama, magari hatua chache tu. Mama akamwomba asikae tena pale. Apande nyuma, juu, kwenye ukingo, pasipo na macho ya watu. Kelebone akasema, "Haya, mama. Kama ndiyo utapata usingizi."

Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Pale chini palikuwa na magari. Kule juu ni ukingo mtupu. Neno la kwenye foleni ya maji ndilo lililomhamisha.

Ilikuwa Jumamosi kabla ya Krismasi. Shangazi Disebo alimpeleka na pikapu, akabaki garini pale chini na kitambaa chake cha kufuma. Simu ya Kelebone ilibaki garini pia, kwa sababu kule juu haishiki mtandao. Mama alikuwa nyumbani, jikoni, na redio ndogo ya kusikiliza ambayo mwanawe alimfungia dirishani. Kusikia alisikia. Kujibu asingeweza. Mnielewe vizuri: mama alimsikia mtoto wake, na hakuwa na njia ya kumwambia neno hata moja.

Likaja jina. Mkono uleule wa kwenye sahani. Kila Kelebone alipogonga kwaheri, mama aliweka punje moja ya harage mezani. Moja. Mbili. Tatu. Mpaka saa sita mchana zilikuwa saba na alikuwa anatabasamu peke yake kama mtoto.

Kisha redio ikaanza kupasuka. Kelebone alikuwa amemwambia: ukisikia kama kitambaa kinachanwa, hiyo ni radi mahali fulani. Mama alisikia kitambaa kinachanwa. Akachungulia dirishani, akaona wingu linakaa juu ya mlima, jeusi upande wa chini. Punje ya nane. Kitambaa kikachanwa tena, kirefu zaidi. Punje ya tisa. Alimjua mwanawe. Kwa tisa hatashuka.

Kwenye mlango wa friji kulikuwa na namba ya Oom Faan, mzee wa Kroonstad aliyemfundisha Kelebone kugonga. Walikuwa hawajawahi kuonana, yeye na Kelebone, wala yeye na mama. Mama alipiga, akakosea namba, akapiga tena. Mzee akapokea kwa Kisotho alichojifunza utotoni shambani.

"Unamsikia mwanangu?"

"Namsikia, mama. Na hiyo radi naisikia."

"Mwambie ashuke. Mimi hanisikii. Mwambie mama yake amesema ashuke sasa hivi."

Mzee hakukata simu. Aliiweka mezani, na mama akasikia kibonyezo chake kikigonga huko Kroonstad, na palepale milio ileile ikitoka kwenye redio yake dirishani. Kisha mkono wa Kelebone, kwa ufupi. Kisha kimya.

"Amesema anashuka," mzee akasema.

Na alishuka. Shangazi Disebo anasema alikuja mbio, ameshika begi, nywele zimelowa, akajitupa ndani ya gari anacheka. Mvua ya mawe ikaanza kupiga bati la pikapu. Walikula magwinya, yale maandazi yetu ya kukaanga, kwa achari. Shangazi akamwambia leo amepona, aende kanisani na kuku wa shukrani. Kelebone akasema yuko tayari, ila kuku atatoka kwa shangazi.

Halafu mvua ikakatika. Mawingu yakasogea upande wa Harrismith, jua likawaka, majani yakaanza kutoa mvuke. Ufito ulikuwa bado umesimama kule ukingoni, waya wake unameremeta. Kelebone aliutazama muda mrefu.

"Shangazi, imebaki moja."

"Moja ya nini? Hao watu hawakulipi hata nauli."

"Moja tu. Kisha nakunja vitu vyote tunaondoka."

"Bado inanguruma, mtoto."

"Inakwenda zake hiyo. Sikiliza ilivyo mbali."

Shangazi alisikiliza. Ilikuwa mbali kweli. Alimwacha aende.

Kule nyumbani, mama alikuwa amekaa mbele ya redio iliyonyamaza, punje tisa mezani. Ghafla jina. Jina la mwanawe, mkono wake, wazi kabisa. Wasikilizaji wapendwa, mama alifurahi. Alidhani hatari imekwisha. Alisimama, akamshukuru Mungu kwa sauti, akabandika sufuria ya papa, ugali wetu wa mahindi, ili mtoto akirudi akute chakula cha moto. Akachukua punje ya kumi, akaishika tayari.

Oom Faan alijibu. Alikuwa ameona kwenye simu yake kwamba mvua imeshapita Qwaqwa, huku kwetu, na alijua mtoto anaitaka hiyo ya kumi kuliko kitu kingine. Wakabadilishana majina, ambayo kwenye ule ujumbe wa mama hawakubadilishana. Kelebone akaanza kugonga kwaheri. Mirefu miwili, mifupi mitatu. Hiyo ndiyo saba.

Tatu haikuja. Kitambaa kilichanwa mara moja, kwa nguvu iliyomfanya mama aruke, kisha redio ikabaki inavuma tu. Mama alisimama na punje mkononi akingojea ile tatu. Aliingojea mpaka papa ikaungua. Shangazi Disebo aliona mwanga ukishuka ukingoni, jua linawaka, mbingu ya buluu juu yake.

Oom Faan alikuja mazikoni, mzee mrefu, kofia mkononi, hajui asimame wapi. Mama Kelebone alimfuata mwenyewe.

"Ile ya kumi ilihesabiwa?"

"Imehesabiwa, mama. Majina yalitosha. Ni wa kwanza Lekgalong."

"Bora ungemnyima."

Mzee aliangalia kofia yake. "Hata mimi najiambia hivyo kila asubuhi."

Na wale wa kwenye foleni walisema, si tulisema? Hapana. Waya haukuita kitu. Radi hupiga palipoinuka, na Kelebone alikuwa amekaa palipoinuka, wakati ngurumo bado inasikika. Alikuwa pale juu kwa sababu pale chini palikuwa na macho yenu.

Tunampa pole Mama Kelebone. Tunampa pole Shangazi Disebo, ambaye hajaiendesha ile pikapu tena. Tunampa pole Oom Faan huko Kroonstad. Mwenye mtoto amtazame leo, na ajiulize anamkataza nini, na kwa sababu ya nani. Kisha mshike haya, niyaseme polepole:

Mkisikia ngurumo, msibaki ukingoni, hata jua likiwaka.

Msirudi kufuata waya, ufito wala ng'ombe, mpaka nusu saa ipite bila ngurumo hata moja.

Msijifiche chini ya mti ulio peke yake, wala kwenye mdomo wa pango. Ingieni garini, mfunge milango.

Msishike waya wala uzio wa chuma mbingu ikinguruma.

Msiseme imebaki moja.

Na kwenye foleni ya maji, msimseme mtoto wa mwenzenu mpaka mama yake akamfiche mlimani.