Chombo cha Mwisho cha Mzee Josephat Barandereka

Ninayesoma ni Imelda, binti yake wa kwanza. Mtanisamehe nikisoma bila kulia. Tangu Jumanne moyo una ganzi, hata chai sijaonja. Chombo mnachokiona juu ya jeneza ni kazi yake ya mwisho, tutakifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1961 Butihinda, mkoani Muyinga, Burundi, mtoto wa tatu wa mchongaji wa inkongoro, vile vyombo vya mti vya kuwekea maziwa. Alisoma hapo hadi darasa la nne. Mwaka 1972 familia ilikimbia mauaji, ikaingia Tanzania, na darasa la saba akalimalizia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu mwaka 1976.

Kuchonga alifundishwa na baba yake, pamoja na sharti moja: chombo hakijakwisha mpaka kiingie maziwa na mtu anywe. Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na mama yetu, Melania. Ukimbizini hatukuwa na ng'ombe. Alichonga hivyo hivyo, sisi tukaviwekea unga, naye akakataa kabisa kuviita vyombo. Tuliporudi tarehe 19 Septemba 2008, alishuka kwenye lori Butihinda na inkongoro tatu, na kabla hajauliza shamba la baba yake liko wapi, aliuliza nani ana ng'ombe anayekamwa. Mama anaona aibu hadi leo.

Mwaka 2011 tulihamia Yoba, mjini Gitega. Huko yeye na Hamissi, fundi wa samani, walifungua karakana na chumba cha makumbusho. Umbo la inkongoro wakaligeuza kuwa taa za mezani na viti vya ofisini. Lakini Baba alikuwa mkali: kilichochongwa kwa ajili ya maziwa hakitobolewi kupitisha waya. Siku ya kufungua makumbusho, wageni walisimama mlangoni nusu saa nzima. Yeye alikuwa ndani, akiwagawia majirani maziwa kutoka vyombo saba.

“Mzee, bageni banangoja, na we uko unanywesha batu!” Hamissi alimwambia.

“Wangoje. Hiki hakijanywewa bado.”

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2017. Vumbi, daktari alisema. Alikatazwa kuchonga, lakini mwaka huu akachonga kitandani kwa kisu kidogo, chombo hiki kimoja kwa miezi minne. Alikimaliza Jumapili. Jumatatu aliniomba maziwa, nikamwambia nimechoka, nitaleta kesho. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, saa mbili asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya maziwa.

Ameacha mjane, Melania, watoto watatu, Imelda, Kastori na Jovina, wajukuu wanne, na rafiki yake Hamissi, ambaye ameshatenga nafasi ya chombo hiki kwenye makumbusho. Hakitakwenda kikavu. Kastori amekuja na maziwa, na kila mmoja atapiga funda moja kabla jeneza halijashushwa. Naanza mimi sasa.

Baba, lala kwa amani. Chombo kimekwisha.