Ndugu Yangu Wiebren, Daktari wa Mbwa na Paka

Ndugu waombolezaji, mimi ni Gerben Hoekstra, kaka wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, ingawa wengi mnajua kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini hatukunywa kahawa meza moja.

Wiebren alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 hapa Bolsward, akasoma hapa hapa, mwaka 1977 akanifuata Utrecht kusomea udaktari wa mifugo, akanishinda alama, na mwaka 1984 tukaanza kazi pamoja, tukizalisha ng'ombe vijiji vyote vya jirani, mikono ndani hadi mabegani. Tarehe 12 Juni 1987 alimwoa Froukje, wakajaliwa mabinti wawili, Hiske na Nynke.

Mwaka 1999 aliniambia, "Kaka, watu wanauza ng'ombe, wananunua mbwa. Tuhamie huko."

Nikamjibu, "Nenda wewe ukawe kinyozi wa paka."

Akaenda, akafungua kliniki yake. Mazizi yakafungwa moja baada ya jingine, huku kwake watu wakipanga foleni, mbwa wakipasuliwa magoti, sungura wakipigwa picha za meno, watu wasionunua koti jipya wakimlipia paka dawa za moyo bila kunung'unika, nami nikipita polepole na gari kuona mlangoni pake pamejaa kiasi gani.

Mwaka 2013 mbwa wangu alimeza soksi, nikakataa kumpeleka kwa Wiebren, na niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameshapasuliwa na kushonwa.

"Nani kamshona?" nikauliza.

Mke wangu Tjitske akasema, "Huyo kinyozi wako wa paka."

Niliketi sakafuni nikautazama mshono ule, safi kuliko wowote niliowahi kushona, na badala ya kushukuru, niliumia.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na mwezi Machi, Froukje alinipigia simu, nikaenda.

Wiebren akaniuliza, "Bado unazalisha ng'ombe?"

"Kila wiki," nikamdanganya.

Akafumba macho. "Nakuonea wivu, kaka."

Nami nilikuwa na neno hilo hilo mdomoni, nikalimeza. Alifariki nyumbani kwake siku mbili baadaye, tarehe 19 Machi 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta supu, na wenzake wa kliniki, ambao leo wamefunga mlango kwa heshima yake.

Wiebren, mimi ndiye niliyekuonea wivu, kila siku. Lala kwa amani, mdogo wangu.