Mzee Nathanael Sumari, na Yule Ambaye Hakusomewa

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, washili mnaotuongoza katika ukoo, wageni wa serikali mliotoka mbali, na majirani wote mliolala nasi hapa Poli tangu Jumanne, nawasalimu kwa jina la Bwana. Mimi naitwa Philemoni Eliya Sumari, ni mdogo wake marehemu, wa kumfuata, nimesoma mpaka darasa la saba na kazi yangu ni kilimo, kwa hiyo nikikosea kusoma mnivumilie, karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu na familia imeisikiliza yote kabla ya kuja nayo hapa.

Mzee wetu Nathanael Eliya Sumari alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Poli, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Eliya na mama Sabina, akabatizwa mwaka huo huo siku ya Pentekoste, na kipaimara alikipata mwaka 1965, siku ambayo mama alimshonea kaptula kwa kitambaa cha pazia kwa sababu kingine hakikuwepo, na yeye hakuona aibu, mimi ndiye niliyemwonea aibu.

Shule ya msingi alianza mwaka 1959 akamaliza 1966, akaendelea na sekondari kuanzia 1967 hadi 1972, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1973, kisha akafundisha miaka miwili kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, akahitimu 1978, akiwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho, na baba aliiweka ile picha ukutani juu ya picha yake mwenyewe.

Kazi ya serikali aliianza mwaka 1978 kama afisa tarafa, akapanda hatua kwa hatua, mwaka 1990 akawa katibu tawala wa wilaya, mwaka 1997 akateuliwa kuwa mkuu wa wilaya, na tarehe 12 Februari 2007 akateuliwa kuwa mkuu wa mkoa katika mkoa mmoja wa magharibi, ambao sitautaja kwa jina kwa sababu yeye mwenyewe alikataza, alisema watu wa kule wameshatajwa vya kutosha kwa mambo mabaya, nanyi mliotoka huko mkaja kumzika mnajijua, karibuni sana.

Alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Anneth tarehe 15 Desemba 1979, katika usharika wetu huu, wakajaliwa watoto watatu, Anande mwaka 1980, Hans mwaka 1983 na Agnela mwaka 1987, na wajukuu saba.

Kuhusu tabia yake nitasema kisa kimoja tu, nacho kinanihusu. Mwaka 2008, wakati wa kiangazi, niliruka zamu ya maji kwenye mfereji, mwenye zamu alikuwa jirani yetu Emmanuel, ambaye namwona pale, nikamwambia anipishe maana mimi ni mdogo wa mkuu wa mkoa, akanipisha. Habari zikamfika kaka huko huko magharibi, sijui kwa njia gani, akanipigia simu akaniuliza, "Philemoni, ule mfereji umeteuliwa na Rais?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi nenda kwa Emmanuel, umwombe radhi, na mke wake awepo asikie." Nilienda, nikaomba radhi, mke wake akasikia, na mpaka leo akinikuta mferejini ananiuliza kama nimeteuliwa.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 2009 kulikuwa na ukame mkubwa kule alikokuwa anatawala, wafugaji wakashuka na mifugo mpaka kwenye mashamba, wakulima wakachoka, na siku ya Jumamosi tarehe 17 Oktoba 2009 vurugu zikalipuka kwenye mnada wa ng'ombe, watu wanne wakapoteza maisha kabla ya askari kufika. Kaka hakulala siku mbili zilizofuata. Aliogopa kwamba kila jeneza likipita barabarani litazaa majeneza mengine, mchana ule ule akatoa amri na kuisaini yeye mwenyewe, kwamba wale wanne wazikwe siku hiyo hiyo, pale pale karibu na mnada, wasisafirishwe, wasizidi watu kumi kwa kaburi, na pasiwe na maneno yoyote, wala hotuba wala kusomwa historia ya marehemu. Hakuna mwingine aliyekufa baada ya hapo, na wapo wanaosema amri ile iliokoa mkoa, na mimi naamini iliokoa. Lakini yeye mwenyewe aliniambia siku moja tukipogoa kahawa, "Niliokoa walio hai kwa kuwanyang'anya wafu, na sikuwauliza wenyewe."

Alistaafu mwaka 2012, akarudi hapa kwenye migomba na ng'ombe wake wawili wa maziwa, akawa mzee wa kanisa, na kati ya mwaka 2014 na 2016 akafanya jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Alipanda basi peke yake, bila kutuma taarifa, akaenda kwa familia za wale waliokufa, moja baada ya nyingine, akawaambia mimi ndiye niliyesaini, nimekuja kuomba msamaha. Kwa familia ya kwanza bibi mmoja alimwacha amesimama uani mpaka akamaliza kulisha kuku, ndipo akamwambia, "Umechelewa, lakini kaa ule." Alifika kwa familia tatu, na zote tatu zilimsamehe, kila moja kwa namna yake.

Familia ya nne hakufika. Na ya nne, ndugu zangu, ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote, kwa maana marehemu yule alikuwa Mwarusha, mtu wa Oldonyosambu, upande wa pili wa huu mlima wetu, aliyekuwa amekwenda magharibi kununua ng'ombe. Kaka alipanga safari hiyo mara mbili, na mara mbili alifika Ngaramtoni, akashindwa kuendelea, akaingia sokoni akanunua debe la maharage ili nyumbani wasimuulize alikuwa wapi. Aliwaweza wa mbali, wa karibu wakamshinda, labda kwa sababu wa karibu wangeweza kumuuliza jina la baba yake, na wangelijua.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na kisukari, kikafuatia ugonjwa wa figo, na tangu Machi 2024 akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mwezi wa nane mwaka huu alipozidiwa aliniita chumbani, akaniambia, "Philemoni, mimi sifiki tena popote. Nenda kwa yule mama Oldonyosambu, mwambie nimekutuma, kisha urudi uniambie alivyosema." Huyo mama anaitwa Nashilu, ni mjane wa yule mtu.

Siku ya Ijumaa tarehe 22 Agosti niliondoka asubuhi. Nilifika Ngaramtoni, nikaingia kwenye mgahawa, nikaagiza chai, nikaagiza na ya pili, nikaishia hapo. Nilimwogopa mama ambaye sijawahi kumwona. Nikarudi nyumbani, kaka akaniuliza, "Umemwona?" Nikasema nimemwona. Akauliza, "Alisemaje hasa?" Nikasema, "Amesema amekusamehe, upumzike." Kaka alifunika uso kwa shuka, akalia, halafu akalala usingizi ambao alikuwa hajaupata kwa wiki nyingi, nami nikajiambia kwamba nimetenda wema. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne, na amekufa akiwa ameshika maneno yangu ya uongo akidhani ni msamaha.

Ndugu zangu, mimi ni mshiriki wa meza ya Bwana, sikuweza kusimama hapa nikasoma kwamba alikufa kwa amani wakati amani yenyewe niliitunga mimi mgahawani. Juzi Alhamisi nilimwambia Anande, akasema, "Baba mdogo, panda gari." Tukaenda, safari hii tukaipita Ngaramtoni.

Tulimkuta mama Nashilu nje ya nyumba yake anapepeta mahindi, na binti yake wa mwisho yuko pembeni anafua. Anande akampa shikamoo, nami nikaeleza yote, amri, safari mbili za kaka, na uongo wangu. Mama akaendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nimeshasamehe."

Nikasema, "Ndiyo mama, kwa mdomo wangu."

Akasema, "Na siku hiyo nilikuwa nimevaa nini?"

Binti yake akacheka, mama akamtazama, binti akarudi kufua. Nikasema tumekuja na blanketi, na familia iko tayari kutoa ng'ombe wa suluhu, kama mila inavyotaka. Akasema, "Ng'ombe ninao, baridi ya huku nimeizoea. Huyo mtu wenu atasomewa Jumamosi?" Nikasema ndiyo, nitamsomea mimi. Akasema, "Wangu hakusomewa. Alitupwa shimoni kama kitu kilichookotwa. Mweke humo kwenye karatasi yako, kuzaliwa mpaka kufa, kama unavyomweka wa kwenu, wala usimfupishe. Nitakuja kusikiliza. Nikishasikia nitajua la kusema." Akatuketisha, akatupa maziwa, akaanza kunieleza, nami nikaandika.

Siwafichi chochote, jana kwenye kikao cha familia mambo yalikuwa mazito. Binamu yetu Rodrick alisema haijapata kutokea maiti ya pili kuingizwa kwenye msiba wa mtu, tena mbele ya wageni wa serikali, kwamba tutatia doa jina la Mzee siku yake ya mwisho, na wengi walimuunga mkono. Aliyemaliza maneno ni shemeji Anneth. Alisema, "Mume wangu aliniletea maharage mara mbili na stoo yetu imejaa maharage. Nilijua anakotoka, sikumuuliza. Someni."

Kwa hiyo nasoma.

Kisioki Loshilari alizaliwa Oldonyosambu, mwaka wa 1964 au 1965, mama yake alikumbuka tu kwamba mvua za mwaka huo zilibomoa zizi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Loshilari na mama Naishiye. Alisoma mpaka darasa la nne, akaacha ili achunge, lakini hesabu alizijua kichwani, na mke wake anasema hakuna mfanyabiashara aliyewahi kumpunja idadi ya ng'ombe, ingawa wengi walijaribu.

Kazi yake ilikuwa kununua ng'ombe katika minada ya magharibi na kuwaleta kuuza huku Arusha, aliianza mwaka 1985 na kuifanya miaka ishirini na minne, na njiani alikuwa anaimba kwa sauti mbaya sana, jambo ambalo mama Nashilu amesisitiza liandikwe. Alibatizwa akiwa mtu mzima tarehe 3 Aprili 1988, na tarehe 11 Juni mwaka huo huo akafunga ndoa na Nashilu kanisani Oldonyosambu, wakajaliwa watoto watano, na wa mwisho, Sabina, mwenye jina kama la mama yetu, alizaliwa miezi mitatu baada ya baba yake kuondoka, kwa hiyo leo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia maisha ya baba yake yakisomwa kwa mpangilio.

Kuhusu ugonjwa, hakuugua. Alifariki Jumamosi tarehe 17 Oktoba 2009 kwenye mnada, akiwa hana fimbo mkononi, alikuwa ameishika kamba ya ndama, na aliyempiga hajajulikana mpaka leo. Alizikwa saa kumi na moja jioni ya siku hiyo, kaburi la tatu kutoka barabarani, watu sita wakiwepo, na hakuna hata mmoja wao aliyemjua jina. Mke wake alipata habari siku ya nne.

Mama Nashilu amesema kwamba hana daktari wa kumshukuru, wala majirani wa siku ile, ila anamshukuru dereva mmoja wa lori, asiyejulikana, aliyemfunika mume wake kwa turubai la gari lake na kuliacha hapo. Kama yuko hai, familia zote mbili zinamwambia asante.

Kwa upande wa marehemu kaka yetu, tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka minne, hasa wale wa chumba cha kusafisha damu waliomwita Mzee wakati wengine wanamwita mgonjwa, tunawashukuru majirani wa Poli na Usa River kwa kuni, ndizi, maji na mikono yenu, viongozi na wafanyakazi wenzake wa zamani, wanakwaya, mafundi waliojenga kaburi, na Mchungaji ambaye nilimweleza haya jana na hakunizuia. Wote siwezi kuwataja, Mungu anawajua.

Wakati wa kuweka mashada utakapofika, familia imekubaliana kwamba jina la kwanza kuitwa litakuwa la mama Nashilu, aliyekaa pale mstari wa pili na binti yake, hata kabla ya mjane wetu. Mama, hujaniambia utafanya nini, na mimi sitakusemea tena. Ukikaa, tutaendelea na wengine, wala hakuna mtu atakayekutazama vibaya katika nyumba hii.

Kisioki Loshilari, umechelewa kusomewa kwa miaka kumi na sita, tusamehe, pumzika kwa amani. Kaka yangu Nathanael, jibu ulilonituma sikukuletea, mwenye jibu amekuja mwenyewe, pumzika kwa amani.